Daftari Langu na App ya Kuku

Kabla app haijaletwa, app nilikuwa mimi. Nilikaa kwenye stuli nyuma ya kaunta ya hoteli moja ya kuku na chipsi hapa Nakuru mjini, simu ya hoteli mkononi, kalamu nyuma ya sikio, na mtu akipiga nilimuuliza maswali matatu tu: unataka nini, uko wapi, na mtu wa boda akifika hapo aulize nani. Hilo la tatu ndilo lililokuwa kazi yenyewe. Kukaanga kuku, mafuta yanajua. Kumfikisha kwa mwenye njaa kule Kaptembwa kabla chipsi hazijalegea kama kamba za viatu, hiyo ni elimu ambayo haikuwa kwenye mtihani wangu wa Form Four.

Elimu hiyo niliiandika kwenye daftari. Lilikuwa daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na nililinunua mwenyewe. Pale mbele ambapo mtoto wa shule huandika jina, niliandika langu. Kwenye shule niliweka kistari. Kwenye somo niliandika: Kuku. Ndani mlikuwa na mji mzima. "Mwalimu wa kwaya, mtaa wa Kiti. Pita posho mill, geti ya bluu iliyopinda. Usigonge, piga honi." "Mzee wa pikipiki mbili, Lanet. Mbwa ni mkali lakini amefungwa. Asipokuwa amefungwa, rudi." "Mama Mapacha, Free Area. Ploti ya mabati mekundu. Uliza Mama Mapacha. Usiulize jina lingine, hulijui na wao hawalijui."

Nilifanya hivyo miaka mitatu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na hizo saa ndizo zilizokuwa mshahara wangu wa kweli. Nina msichana wa miaka mitatu na nusu. Baba yake alienda kutafuta kazi upande wa Longonot tumbo langu lilipoanza kuonekana. Nadhani bado anaitafuta. Longonot lazima ni pakubwa sana. Mchana mtoto analelewa na jirani mmoja kwetu Kaptembwa ambaye hukaa na watoto wa ploti, mwanamke mwenye roho safi na saa ya ukutani. Saa kumi na mbili ikifika, kazi yake imeisha. Saa kumi na mbili na dakika tano utamkuta mtoto wako ameketi kwenye ngazi, begi mgongoni, kama abiria aliyeachwa.

Mama yangu anaishi Olenguruone, na amemtaka huyo mtoto tangu alipoota meno. Kila akipiga simu ni wimbo huo huo: huku kuna maziwa, huku kuna hewa, huko Nakuru unamlisha vumbi. Hasemi kwa ubaya. Lakini mimi nililelewa na nyanya yangu huko huko juu, maziwa yakiwepo na hewa ikiwepo, hadi darasa la nne. Siku mama yangu alipokuja kunichukua nilimsalimia, "Shikamoo Auntie." Alicheka mbele ya watu. Mimi nilimwona alivyogeuka kufuta uso na lesso. Basi mimi niliapa kwamba wangu hataniita Auntie.

Sasa app.

Mwenye hoteli, ambaye wote tulimwita Mkubwa, alienda semina Nairobi akarudi ameokoka. Sio kwa Yesu, huko alikuwa tayari. Aliokoka kwa teknolojia. Wiki chache baadaye wakaja vijana wawili. Mmoja alikuwa na ndevu zilizochongwa vizuri kuliko nyasi za uwanja wa golfu, na mwingine alikuwa na laptop ambayo hakuiachilia hata akienda choo. Hoteli ikawekwa baluni. Pasta akaombea app. Simu ya hoteli, ile niliyoishika miaka mitatu hadi ikawa na alama ya kidole gumba changu, ikazimwa ikatupwa kwenye droo pamoja na vijiko vilivyopinda.

Siku hiyo hiyo meneja akaniita kando.

"Kuanzia sasa watu watajiagizia. Wewe tunakupeleka jikoni, shifti ya jioni. Saa nane mpaka saa nne usiku."

"Boss, nina mtoto."

"Kila mtu ana mtoto."

Yeye hakuwa na mtoto. Alikuwa na gari.

"Nani atamchukua saa kumi na mbili?"

"Hiyo ni swali ya nyumbani," akasema. Kisha, kwa sababu yeye pia alizaliwa na mwanamke, akaongeza, "Wacha app itulie kwanza. Ikitulia, unahama."

Kwa hivyo uhai wangu ukaning'inia hapo: app ikitulia, mtoto wangu anaenda Olenguruone. Nilimwomba Mungu isitulie. Nikwambie ukweli, Mungu hakuhitaji kujisumbua.

App ilikuwa na adabu za ofisi ya chifu. Kabla hujaonyeshwa hata picha ya bawa la kuku, ilitaka majina mawili kama yalivyo kwenye kitambulisho. Halafu jina la barabara. Halafu nambari ya nyumba. Ukiacha nafasi moja wazi inakuwa nyekundu na kukataa kwenda mbele. Watu wa Nakuru ni watu wa amani, wakaandika. Barabara: "ya vumbi." Nambari ya nyumba: "ya tatu ukitoka kwa choo." Mmoja aliandika "uliza tu," na app ikapokea vizuri sana, ikamtuma mtu wa boda Barabara ya Uliza Tu.

Ramani nayo ilikuwa na mambo yake. Kuna oda moja ya familia, kuku mzima na chipsi nne, ambayo app ilisema mwenyewe yuko ndani ya mbuga. Mtu wetu wa boda alifika kwenye ua wa umeme, akasimama, akatazama nyati, nyati wakamtazama. Alirudi na kuku wake. Akaniambia, "Nimewauliza, wamesema hawakuagiza."

Lakini kilichoiua app kabisa ni kile kitambulisho. Hapa nataka mnielewe, kwa sababu vijana wa Nairobi hawakuelewa hadi mmoja wao aliposhikwa mkono akapelekwa. Kwenye ploti zetu, vile vyumba vya kupanga vyenye ua mmoja, mwanamke akishazaa, jina lake linakunjwa na kuwekwa sandukuni pamoja na cheti cha shule. Anakuwa Mama wa fulani, basi. Unaweza kuishi naye mlango kwa mlango miaka sita, ukamwazima chumvi, ukamshikia mtoto akienda kuoga, na usijue kwenye kitambulisho ameandikwa nani. Na mtu akiingia kwenye ploti akiuliza mtu kwa majina mawili ya kitambulisho, huyo si mgeni wa heri. Huyo ni polisi, au ni barua ya korti. Watoto wenyewe wanajua. Ukisoma majina mawili kwa sauti kwenye geti, milango inafungwa moja baada ya nyingine kama maduka yakisikia fujo.

Sasa fikiria mtu wa boda, helmeti kichwani, koti jeusi, amesimama katikati ya ploti Free Area akisoma kutoka kwenye simu majina mawili ya Mama Mapacha.

"Hakuna mtu kama huyo hapa," akaambiwa.

"Nimetumwa kwake."

"Na nani?"

"Na kampuni."

Kampuni! Alisema kampuni! Nyanya mmoja akamjibu bila kuinua macho kwenye maharagwe aliyokuwa akichagua: "Huyo alihama. Alienda Kariandusi, kwa wale wa kuchimba ule mchanga mweupe. Kitambo sana."

Mama Mapacha mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia lake, pacha mmoja mgongoni na mwingine amezibwa mdomo kwa mkono, akijificha. Alikuwa anamkimbia kuku aliyemwagiza mwenyewe. Kuku akarudi hotelini akiwa baridi, na Mama Mapacha, njaa ikimuuma na moyo ukimdunda, akaipa app nyota moja.

Nyota hizo zilimiminika. Hata usiku wa Desemba mbinguni hakuna nyota nyingi hivyo, na kila mtu alitoa moja tu. Meneja alianza kunitazama kama mimi ndiye niliyewafundisha watu kuhesabu hadi moja. Mkubwa akawaita vijana warudi, waje "kuboresha app kwa ajili ya mteja." Niliyasikia maneno hayo nikipanguza kaunta. Kwa ajili ya mteja. Kumbe ile ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya nani?

Walijifungia kwenye meza ya pembeni siku mbili. Walibandika ukutani vikaratasi vya rangi, vya njano na vya pinki, hadi ukuta ukafanana na sare ya nasari. Walikuwa wamechora mteja. Naapa. Badala ya kumtafuta mmoja, na walikuwa wanapita hapo mbele ya dirisha kwa mamia, walimchora. Alikuwa na picha na maelezo: mwanamume, anapenda mazoezi, anaishi kwenye apatimenti, anafanya kazi akiwa nyumbani.

Nikawapelekea chai nikamwangalia huyo mwanamume.

"Huyu anakaa Nakuru wapi?"

"Ni mfano tu," akasema mwenye laptop.

"Mfano wa nani?"

Akanywa chai.

Baada ya siku mbili wakamwonyesha Mkubwa walichoboresha. Kibonyezo cha kuagiza kilikuwa chekundu, sasa ni cha rangi ya machungwa. Na ukiwa unangoja oda, kuna kifaranga kinacheza densi. Kifaranga, kwenye app ya kuku wa kukaanga! Mtoto anacheza akingoja mama yake aive. Mkubwa alitazama kile kifaranga muda mrefu. Ni mfanyabiashara, si mjinga.

"Na kuku watafika?" akauliza.

Mwenye laptop akakichezesha kifaranga tena.

"Wakati ule wa simu walikuwa wanafikaje?"

Macho yote yakageuka kwenye kaunta. Mwenye ndevu akaja akiwa na tabasamu la mtu anayetaka kuazima kitu.

"Niaje mathe. Eti wewe ulikuwa unawapataje hawa wateja?"

"Nina miaka ishirini na sita. Mathe ni mama yako, msalimie."

Mtu wa boda alicheka hadi akatoka nje. Lakini meneja alikuwa ameshaliona daftari chini ya kaunta.

"Si kuna lile daftari lake? Kila kitu kiko humo."

Mwenye laptop akang'aa macho. "Tupe tulipige picha, tuingize kwa mfumo. Hata leo app itatulia."

Itatulia. Neno hilo hilo. Nililichukua daftari nikaliweka kwenye begi langu, katikati ya suruali ya akiba ya mtoto na chupa yake ya uji, nikafunga zipu.

"Hilo daftari ni la hoteli," meneja akasema.

"Soma jalada. Kama hoteli ina jina kama langu na somo lake ni Kuku, chukua."

"Unajua naweza kukufuta kazi?"

"Futa. Utaniulizia kwa majina mawili."

Nilitoka hapo nimelikumbatia begi. Hasira ni kitu kizuri ukiwa bado umesimama. Ukishaketi inakuwa hofu. Saa kumi na mbili kasoro nilimchukua mtoto wangu kwa jirani. Alikuwa amechora kitu kwenye ukuta wa watu, akaniambia ni mimi. Nilikuwa na miguu mirefu na sikuwa na mikono. Tulipokuwa tukipika, mama akapiga simu kutoka Olenguruone.

"Nimemnunulia gambuti," akasema. "Nyekundu. Nimezikuta sokoni nikasema hizi ni zake, matope yameanza. Unamleta lini?"

"Mama, sijasema namleta."

"Lakini si wanakuweka jioni?"

"Bado."

"Basi bado. Nitazipanguza zikae."

Sikulia. Nilifua. Nilifua hata nguo ambazo hazikuwa chafu, na nikikamua shuka niliona kitu wazi kabisa: nikikataa kutoa lile daftari, watanifukuza, na mtoto anaenda. Nikilitoa, app inatulia, na mtoto anaenda. Barabara zote mbili zinaishia kwenye gambuti nyekundu. Kitu kimoja tu hakikuwa kwenye daftari, nacho ni mtu wa kulisoma.

Asubuhi nikamwambia mwenye ndevu, "Vaa viatu vya kutembea. Twende ukaone mteja ambaye hujamchora."

Nilimpeleka Free Area, kwenye ile ploti ya mabati mekundu. Nikamwambia afanye kama app inavyofanya. Akasimama getini, akasafisha koo, akasoma majina mawili. Sijawahi kuona ua ukinyamaza hivyo. Nguo zilikuwa kwenye kamba, jiko linatoa moshi, lakini watu wakayeyuka. Akabaki yule nyanya na maharagwe yake.

"Alihama," akasema.

"Alienda wapi?"

"Kariandusi. Na wewe unaonekana kama mtu wa korti. Mama yako anajua unafanya kazi hii?"

Ndevu zikamshuka. Ndipo nikaita, "Mama Mapacha!"

Pazia likafunguka kabla sijamaliza. "Kumbe ni wewe wa chipsi! Simu yenu ilikufa lini? Sisi tulikuwa tunangoja kuambiwa matanga ni wapi."

Akatoka, akamkabidhi mwenye ndevu pacha mmoja bila kumuuliza, kama watu wanavyofanya mikono ikiwa imejaa, akaanza kunipa habari za mtaa. Kijana akasimama pale na mtoto wa watu akimvuta ndevu, akatoa kikaratasi chake cha pinki kwa mkono mmoja.

"Mathe, samahani. Ungependa app ifanye nini?"

Mama Mapacha akafikiri. Nampa heshima yake, alifikiri kweli.

"Ishike simu," akasema.

"Yaani?"

"Yaani nikiipigia, ishike. Nikiiambia mtoto mmoja hali pilipili, iseme sawa. Nikiiambia waniulize Mama Mapacha, iulize Mama Mapacha. Ni mengi hayo?"

Akayaandika. Njiani kurudi alikisoma kile kikaratasi hadi tulipofika karibu na mzunguko wa barabara. Kisha akasema, polepole, kama mtu aliyeona maono: "Unajua, tunaweza kuweka kibonyezo. Mteja akikibonyeza, anaongea na mtu."

"Haya basi," nikasema. "Ulisomea wapi?"

Alasiri akamweleza Mkubwa, mbele ya ukuta wa vikaratasi. App haitauliza kitambulisho tena; itauliza, Unajulikana kama nani hapo kwenu? Haitauliza nambari ya nyumba. Itauliza, Tukifika tuone nini? Na chini, kikubwa, cha kijani, kibonyezo cha kupiga simu. Mkubwa akatikisa kichwa kwa furaha. Meneja naye akatikisa, kwa sababu Mkubwa ametikisa.

"Na nani atashika hiyo simu?" Mkubwa akauliza.

Nilikuwa nimesimama pale na begi langu. Nikafungua zipu, nikaweka daftari mezani, nikaliwekea mkono juu.

"Saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja," nikasema. "Iandikwe. Itiwe sahihi. Ipigwe muhuri."

"Unatutishia?" meneja akauliza.

"Hapana boss. Naboresha."

Mkubwa akalitazama daftari, akanitazama mimi, akamtazama yule mwanamume wa mazoezi ukutani. Akasema, "Mwandikieni." Mwenye laptop akaandika, ikachapishwa. Muhuri uliopatikana karibu ni ule wa kupokea viazi, kwa hivyo barua yangu ya kazi inasema nilipokelewa nikiwa katika hali nzuri. Sikulalamika. Nilimsomea mwenye laptop daftari zima kwa siku tatu, mstari kwa mstari, mbwa kwa mbwa, na jioni nikaondoka nalo.

Siku ya kuzindua app iliyoboreshwa baluni zilirudi, na pasta pia. Mwenye ndevu akatoa hotuba akisema wamekuja na ubunifu mpya, kwamba sasa mteja anaweza kuongea na mtu moja kwa moja. Watu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi. Miezi mingi, vijana wawili, laptop moja na kifaranga, na hatimaye hotelini kwetu walikuwa wamevumbua simu.

Ile ya zamani ilitolewa kwenye droo ikapanguzwa. Kwenye app, karibu na kibonyezo, waliweka picha yangu. Sio mimi, ni mwanamke mweupe mwenye nywele za kuteleza na maiki mdomoni, anacheka kama ambaye hajawahi kukamua shuka. Mteja wa kwanza kubonyeza alikuwa mzee wa pikipiki mbili kule Lanet.

"Halo? Hii ni roboti?"

"Roboti ni wewe. Mbwa amefungwa?"

"Eish! Umerudi!"

Kifaranga kilibaki kwenye app. Mtoto wangu anakipenda sana, ananinyang'anya simu akione kikicheza. Bado sijamwambia kinangoja nini.

Wiki iliyofuata kifurushi kilifika kutoka Olenguruone. Mama hakuandika kitu, alifunga tu kwa kamba ya katani, na ndani zilikuwa zile gambuti nyekundu, zimepanguzwa. Nilimvalisha mtoto pale pale kwa jirani, saa kumi na moja na nusu, jua likiwaka na Kaptembwa nzima ikiwa vumbi tupu, hakuna tone la matope hadi Mau. Alikataa kuzivua. Tulienda nyumbani akitembea kwap, kwap, kwap, watu wakigeuka.

Mama akapiga. "Zimemtosha?"

"Zimemtosha."

"Basi utamleta lini?"

"Desemba," nikasema. "Tutakuja naye. Na tutarudi naye."

Kisha akasema nimpe mtoto simu, na mtoto akaishika kwa mikono yote miwili, akauliza kama anavyonisikia jioni nikiigiza maswali ya kazini: "Halo, uko wapi?"